Jumapili hii: akina Macarthur wa Parramatta

Wadau mambo vipi, mada ya jumapili saa mbili usiku ni John na Elizabeth Macarthur, mke na mume Waingereza waliofika Australia 1790 na meli za wafungwa (John alikuwa afisa wa jeshi jamani sio mfungwa), na njiani mama wa watu kajifungua mtoto akamfia humohumo baharini. 1793 wakapewa eka 100 pale Parramatta (karibu na Sydney), ardhi ya wenyeji Waburramattagal ambao hakuna aliyewauliza, nyumba waliyojenga ipo mpaka leo ni makumbusho.

Sasa huyu John mkorofi balaa!! 1801 kampiga bosi wake risasi ya bega kwenye pambano la bastola, akarudishwa Uingereza, akaja tena, 1808 akawa kinara wa kumpindua Bligh, gavana wa koloni, akaondoka 1809 hadi 1817. Muda wote huo nani yuko na kondoo wa merino, wafungwa wa shambani na sufu ya kupeleka London? Elizabeth. Halafu noti ya dola 2 ya Australia ya 1966 wakaweka sura ya mzee 😂

Anayetaka kuongoza aje inbox, na voisi tafadhali zisizidi dakika mbili.