Kaka, mota za vioo usinunue kwanza

Kaka habari za Tanga, natumaini shemeji na watoto wote wazima. Sisi huku Dar tupo, joto tu ndo linatuchosha. Nimesoma meseji yako ya iyo Hilux, kwamba mmebadilisha milango ya mbele na vioo vyote vinne vikagoma, nikaona nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu tutaishia kukatishana maneno, na iyo dabo kabini nimeipanda sana tangu enzi za mzee, roho inauma kusikia imelala uani sababu ya vioo.

Hongera kwa milango kwanza, ile ya zamani kutu ilishaila chini yote. Ila mota usinunue. Fundi anaekwambia mota zote nne zimekufa hajapima kitu, mota nne hazifi siku moja kaka. Na angalia hili, mmebadilisha milango miwili ya mbele tu, ya nyuma hamjaigusa kabisa, sasa kwa nini vioo vya nyuma navyo vimegoma? Mimi hapo ndo niliposhtuka.

Umesema milango imetoka Sharjah, kule Uarabuni. Kule usukani uko kushoto, yani mlango wa kushoto ndo wa dereva wenye swichi kubwa ya vitufe vyote, na wa kulia ni wa abiria una kitufe kimoja basi. Bati linakubali, bawaba zinakaa, kioo kinaingia, lakini waya za ndani zimekaa kinyume na gari yako. Sasa umeniambia soketi zilikataa kuingiliana fundi akazikata akaunga kwa kufuata rangi. Rangi hazikusaidii hapo, waya mwekundu wa mlango wa abiria sio lazima ufanye kazi ya waya mwekundu wa mlango wa dereva.

Ngoja nikueleze umeme unavotembea maana ukielewa hapa hakuna fundi atakaekuzungusha. Mota ya kioo ina waya mbili tu na yenyewe haina ethi ya kudumu, ethi yani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kioo kikishuka waya mmoja umepewa moto, yani umeme wa betri, na mwingine ethi, kikipanda zinabadilishana. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile ya 90 kitufe cha abiria kina waya tano, mmoja wa moto, mbili zinaenda kwenye mota, na mbili zinatoka kwenye swichi kubwa ya dereva. Hizo mbili za mwisho kama hakuna alobonyeza kitu zote zimekaa kwenye ethi, na ethi yenyewe inapitia ndani ya iyo swichi ya dereva. Kwa hiyo swichi kubwa ikichomolewa au ikikosa ethi, vitufe vyote vya abiria moto vinao ila umeme hauna njia ya kurudi, na vioo vya nyuma ambavyo hamjavigusa vinakufa pamoja na vya mbele. Gari lako ethi inakuja upande wa kulia, na kulia sasa hivi kuna kitufe kimoja ambacho hakijui cha kuifanyia.

Usiniamini kwa maneno, pima. Chukua taa ndogo ya testa, sio mita, maana waya uliobaki uzi mmoja mita itakuonyesha volti 12 vizuri tu na mota haitazunguka. Fungua kitufe cha mlango wa nyuma, switchi ya gari iwe on, weka taa kati ya waya wa moto na bodi. Ikiwaka, fyuzi na rilei achana nazo. Alafu weka taa kati ya ule ule waya wa moto na kila mmoja wa zile waya mbili zinazotoka kwa dereva. Inatakiwa iwake kote kote, isipowaka ugonjwa ni ethi, umeupata. Ukitaka uhakika zaidi chomoa kabisa swichi kubwa, ziguseshe zile mbili kwenye bodi kwa waya wa muda, bonyeza kitufe cha nyuma, kioo kitapanda na kushuka. Ila swichi kubwa iwe imechomolewa kweli, mtu akiibonyeza hapo utachoma kitu. Na mota za mbele zipime moja kwa moja kwenye betri, kisha geuza waya, zikienda pande zote mbili ni nzima. Ikizunguka sana ikasimama usiogope, mota nyingi zina kinga ya joto ndani, iache ipoe itarudi.

Dawa sasa. Ile milango ya zamani umeiuza chuma chakavu au bado ipo? Kama ipo toa waya zake zote na swichi zake, hamishia kwenye milango mipya kulia kwa kulia, na zile soketi zilizokatwa upande wa bodi zirudishiwe waya kwa waya. Mota na mashine za kioo za Sharjah ziache humo humo. Plastiki za ndani za milango ya zamani nazo zihamishie, tundu la kitufe kimoja halipokei swichi kubwa. Sentro loki nayo itakuwa imegeuka, itanyooka na waya hizo hizo.

Maungio yalehemiwe na yavalishwe mpira wa kubana kwa moto, sio kusokota na tepu, na yasikae kabisa ndani ya ule mpira wenye mikunjo kati ya nguzo na mlango, pale waya zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa. Waya uwe mnene kama wa kiwandani, ukiweka mwembamba kwenye fyuzi ya ampia 30 waya utaungua fyuzi ikiwa inakuangalia. Na ile nailoni ya ndani ya mlango waambie wairudishe, Tanga chumvi ya bahari utaijutia.

Kama milango ya zamani imeshaenda, nipigie picha ya soketi ya upande wa kulia kwenye bodi, ionyeshe matundu yote na rangi za waya, pamoja na swichi ya zamani kama unayo. Jumamosi napita kwa wauza spea pale Gerezani, ntakutafutia mlango wa dereva wa gari iliyotoka Japani, usukani kulia kama lako, nichukue swichi na waya zake nikutumie kwa basi. Msalimie mama sana.