Barua ya wazi kwa madereva wa malori ya safari fupi: mkongwe apate nini, mgeni apate nini

Ndugu zangu madereva, wazee wenzangu na ninyi vijana wetu,

Salamu kwenu nyote mnaotoka na lori alfajiri na kurudi kulala nyumbani. Usukani nimeuacha, lakini simu yangu haijastaafu. Kila mara ananipigia mmoja wenu na lalamiko ambalo nimeshalisikia kwa mwingine, ila limegeuzwa. Mkongwe ananiambia, "Mzee, kijana kaajiriwa juzi, leo analipwa sawa na mimi." Kijana naye, "Mzee, kazi tunafanya ileile, lakini mwisho wa mwezi fulani anaondoka na karibu mara mbili yangu." Nawajibu wote mahali pamoja, asije mtu akasema mzee kanong'onezwa na upande mmoja.

Nianze na wakongwe, maana ni rika langu na watanivumilia. Miaka ya kazi ina thamani. Anayeingiza tela kwa rivasi kwenye geti jembamba bila kugusa nguzo, anayesikia breki zimebadilika mlio kabla taa ya dashibodi haijawaka, anayekataa kuondoka na mzigo uliofungwa ovyo hata ofisi ikinuna, huyo anaokoa fedha ambazo haziandikwi popote. Alipwe zaidi. Lakini ngazi ya mshahara iwe na mwisho wake. Dereva hahitaji nusu ya maisha ili aive. Akishaiva, afike juu akae na wenzake. Mtu akiniambia kwamba wa miaka ishirini na mitano apokee mara mbili ya wa miaka minane, kwa mzigo uleule na barabara ileile, siwezi kumtetea. Kuishi kwingi ni kuona mengi, ila wapo waliopitia mengi wakiwa wamesinzia.

Ukongwe upewe heshima yake kamili kwenye kuchagua: zamu, tarehe za likizo, gari jipya likiingia, na kuwa wa mwisho kupunguzwa kazi ikiwa haba. Tunapenda kuamini kwamba hayo hayamgharimu kijana chochote. Kwa anayelipwa kwa saa, ni kweli. Kwa anayelipwa kwa tripu, sivyo kabisa.

Tazameni madereva wawili wanaotoka yadi moja. Mkongwe amechagua ghala ambalo foklifti inamngoja, mlinzi anamjua kwa jina, na karani anasaini delivari noti, ile karatasi ya kupokelea mzigo, injini ikiwa haijapoa. Kabla ya adhuhuri yuko yadi anapakia tripu ya pili. Kijana kapewa eneo la ujenzi. Amefika asubuhi hiyohiyo, anaambiwa kreni bado. Kreni inakuja, msimamizi hayupo. Msimamizi anatokea, watu wameenda kula. Anashushiwa alasiri, anaangukia kwenye foleni ya jioni. Kwenye karatasi bei ya tripu ni moja. Mfukoni mmoja ana mbili, mwingine ana moja, na ofisi ikipiga hesabu inamwona kijana mvivu.

Kwa hiyo vijana mko sahihi, lakini adui mmemkosea. Yule mzee hajachukua fedha yenu. Iliyopotea ni saa mliyosimama bila kulipwa, na hiyo inawapotea nyote, kwa kuwa hata mkongwe siku moja atakuta foklifti mbovu. Shirika la Kazi Duniani lililigusa jambo hili mwaka 1979. Mkataba wake namba 153, unaohusu saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabarani, unaruhusu muda ambao dereva yuko katika kusubiri tu, hana uhuru wa kuutumia apendavyo, uhesabiwe kuwa muda wa kazi, kwa kiwango kitakachowekwa na mamlaka ya nchi au na makubaliano ya pamoja. Nchi zilizouridhia ni chache, kwa hiyo msingoje serikali. Makubaliano yenu na mwajiri ndiyo yatakayoamua. Mkataba huohuo unaweka kikomo cha saa 9 za kuendesha kwa siku na 48 kwa wiki, saa za ziada zikiwemo. Anayelipwa kwa tripu na amekwama nusu siku getini ndiye atakayejaribu kuifidia usiku, macho yakiwa mazito. Ajali ikitokea, hakuna atakayeuliza kreni ilikuwa wapi.

Anzeni kesho. Ukifika getini, andika saa kwenye delivari noti, mwombe mlinzi aweke sahihi. Andika saa ya kuanza kushusha na saa ya kutoka. Piga picha kwa simu kabla hujairudisha ofisini, maana karatasi za namna hii zina tabia ya kupotea. Mkikusanya za mwezi mzima, za wakongwe na za wageni pamoja, mtakuwa na kitu cha kuweka mezani. Saa ya kwanza iingie kwenye bei ya tripu; baada ya hapo kila saa ilipwe. Na mwenye mzigo akianza kutozwa kwa kulichelewesha lori, mtashangaa kreni inavyopatikana upesi.

Sasa wakongwe, kuna ofa moja ambayo lazima mwikatae hata ikija na chai. Mtaambiwa, "Ninyi hamtaguswa, ila watakaoajiriwa kuanzia sasa watakuwa na kiwango chao." Nchini Marekani, mkataba wa mwaka 2018 kati ya kampuni ya UPS na chama cha wafanyakazi cha Teamsters uliunda daraja jipya la madereva wa vifurushi, likaitwa kwa namba ya kifungu chake, 22.4. Ilisemwa wangechanganya udereva na kazi za ndani. Wengi wao wakajikuta barabarani na magari yaleyale, kwa kiwango cha juu kilicho chini ya cha wenzao. Kinachoniuma zaidi ni kura. Wengi wa waliopiga kura waliukataa mkataba huo, lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya wanachama, na katiba ya chama wakati ule ilidai theluthi mbili ya kura za kukataa katika hali kama hiyo. Viongozi wakaupitisha. Daraja lile lilikuja kufutwa katika mkataba wa 2023, baada ya kampuni kutishiwa mgomo. Dereva wa bei nafuu anayeegesha pembeni yako ndiye atakayepewa tripu yako kazi ikipungua, na kuja mikutanoni hakuhitaji nauli kubwa kuliko hasara hiyo.

Kiwango cha majaribio kwa mgeni sikipingi. Kiwe kifupi, kimeandikwa, na kina tarehe ya kuisha.

Na kama kijana kaajiriwa kwa mshahara ulio sawa na wako, au hata juu yako, usimnunie kijiweni. Soko limepanda na ofisi imesahau kukupandisha nawe. Mwombe akuonyeshe slipu yake, nawe umwonyeshe yako. Slipu mnazofichana zinamfaa mtu mmoja tu, naye hayupo kijiweni. Kijana, usikubali kubeba kwa bei ya kutupa ili ofisi ikupende. Itakupenda mpaka apatikane wa bei ya chini zaidi.

Siku ya kwenda kumwona mwajiri, msiwatume wazee peke yao. Nendeni wakongwe na vijana kwa idadi sawa, na slipu na zile picha za delivari mkononi. Wakongwe waendelee kuchagua zamu, lakini zile tripu za kusubiri zizunguke kwa wote mpaka kusubiri kutakapolipwa. Na orodha ya nani kapelekwa wapi ibandikwe ukutani kila wiki, saa alizosubiri zikiwa pembeni ya jina lake. Anayepanga safari atanuna. Mwacheni anune.

Wenu,
Dereva mstaafu