Swahiba, ile fomu usiiache

Swahiba Bakari,

Salamu nyingi. Huku wazima. Mama Salma kikohozi kimemwachia na ameshaanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo jua amepona kabisa. Tumepoteana muda, lakini jana Juma kanionyesha ujumbe wako, nimeona nisilale bila kukuandikia.

Kwanza hongera. Kampuni Delaware, Marekani! Tangu enzi zile na Shabani ulikuwa unahangaika wateja wa nje wakulipe bila kuzungushwa, na mwisho umepata njia. Nimefurahi kwa dhati.

Ila lile neno la mwisho limenikaa rohoni: eti wakala kakwambia maadamu huna ofisi Marekani, huna cha kujaza. Bakari, hapana. Kodi ya mapato ya kule huenda kweli usidaiwe, maana kazi unaifanyia nyumbani, na nyumbani ndiko utakakotozwa. Lakini kulipa kodi ni jambo moja, kutoa taarifa ni jingine. LLC, yaani kampuni ya dhima yenye ukomo kama hiyo yako, ikiwa ya mmiliki mmoja asiye Mmarekani wala mkazi wa kule, tangu mwaka wa kodi wa 2017, inatakiwa kuipelekea IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, Fomu 5472 kwa kila mwaka ambao fedha zimepita kati ya kampuni na mwenyewe. Na usiniambie hazijapita. Ile hela uliyotoa mfukoni kuifungua inahesabika. Ukiweka mtaji, inahesabika; ukichukua, vilevile.

Usipoipeleka, faini ni dola 25,000. Hata kama kampuni haijauza kitu! Zamani ilikuwa 10,000, wakaipandisha. Ndiyo maana nahangaika, maana kazi yenyewe si kubwa: unaiambatisha na ukurasa wa kwanza wa Fomu 1120, ile ya kodi ya makampuni, unajaza jina, anwani na EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni, unatuma kwa posta au faksi kabla ya Aprili 15. Ukibanwa, Fomu 7004 ya kuomba muda inakusogeza hadi Oktoba 15, lakini nayo uitume kabla ya hiyo Aprili.

Huyo wakala simlaumu kwa yote. Kazi yake hasa ni kukupokelea barua za serikali na za mahakama, si mhasibu. Ila asiyejua angenyamaza, jamani. Na kodi ya mwaka ya jimbo la Delaware je, alikutajia? Hiyo ni mbali na IRS, mwisho wake Juni 1, umeuza hujauza.

Yale ya kuwasajili wamiliki aliyokutisha nayo Juma, yaache: Machi 2025 FinCEN, idara ya Marekani ya kupambana na uhalifu wa fedha, waliziondolea wajibu huo kampuni zilizofunguliwa Marekani kwenyewe.

Narudi palepale, hiyo 5472. Kampuni uliifungua mwezi gani, kabla ya Desemba kwisha au baada? Maana hapo ndipo tutajua ni Aprili ipi. EIN imeshatoka, au bado unasubiri majibu ya faksi? Malipo ya kufungulia ulilipa kwa kadi yako, na risiti unayo? Na Zuhura mmemwandika kama mwenye hisa, au ni wewe peke yako? Akiwemo, habari inageuka kabisa, mtakuwa watu wa Fomu 1065, ile ya ubia. Nijibu haya hata kwa sauti, halafu Jumapili nipigie tukae tuzijaze pamoja.

Wako,
Idi