“Hadi” megabiti 100: mbona kwa jirani zinafika?

Ndugu Mhariri,

Kuna lalamiko lisiloisha katika safu za barua: nyumba mbili zimepakana, zinalipia kifurushi kimoja cha intaneti cha “hadi” megabiti 100 kwa kampuni moja, lakini huku video inatiririka na kule inazunguka tu. Wengi huamua papo hapo kwamba kampuni inapendelea. Sisi tunaofunga na kutengeneza mitandao ya majumbani tunaomba nafasi kidogo. Hatuji kuitetea kampuni yoyote, maana lawama zetu kwao tunazo na tutazifikia. Tatizo ni kwamba ulinganisho wenyewe mara nyingi haufai. Jirani mmoja amepima kwa kompyuta iliyochomekwa waya kwenye ruta, mwenzake amepima kwa simu akiwa kitandani, kuta mbili kutoka ilipo ruta. Hapo hamna cha kulinganisha.

Tumalize kwanza suala la vipimo. Kampuni huuza kwa megabiti kwa sekunde, ilhali programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Anayelipia megabiti 100 akaona faili linashuka kwa megabaiti 12 kwa sekunde hajaibiwa: 100 ukigawa kwa 8 unapata 12.5, na sehemu ndogo huliwa na anwani na taarifa nyingine ambazo kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, hubeba njiani.

Sasa pima hivi. Chukua kompyuta, zima Wi-Fi yake, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Vifaa vingine vyote viondoe mtandaoni, zikiwemo simu zinazopandisha picha kimyakimya na televisheni inayojisasisha yenyewe. Kama una VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwenye kompyuta ya mbali kwanza, izime. Pima mara tatu mchana, kisha rudia kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku tatu au nne mfululizo. Andika kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Halafu pima kwa Wi-Fi ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, na mwisho pale unapokaa kila siku. Pengo kati ya waya na Wi-Fi ni la nyumba yako. Pengo kati ya waya na mkataba, isipokuwa namba moja tutakayoitaja, ndilo la kupeleka kwa kampuni.

Na mkishindana na jirani, chagueni seva moja ya kupimia, yaani kompyuta ya mtandaoni inayojibu kipimo. Programu hizi hupenda kuchukua seva iliyo karibu, pengine iliyomo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, ambako data haijavuka mpaka wowote. Kipimo hutoka kizuri, lakini tovuti iliyo bara jingine ikabaki nzito, kwa sababu njia ya kufika huko ndiyo iliyojaa.

Kuna namba moja inayojitangaza yenyewe: 94. Ukilipia megabiti 200 au 500 na kipimo cha waya kikagoma kwenye 94 au 95, asubuhi, mchana na usiku, usihangaike kupigia kampuni simu. Waya wa mtandao una jozi nne za nyuzi. Gigabiti inazitaka zote nne. Megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili. Uzi mmoja ukikatika ndani ya plagi, waya ukibanwa na mguu wa kabati, au aliyeunga akiwa ameunga jozi mbili tu, ruta na kompyuta mara nyingi hukubaliana kushuka hadi 100, na ukitoa mzigo wa pakiti hubaki hiyo 94. Hakuna taa nyekundu wala onyo. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta utafute kasi ya kiungo (link speed), yaani ile ambayo kompyuta na ruta zimekubaliana: ikisoma 100 badala ya 1000, badilisha waya kwanza. Ikibaki vilevile, basi tundu la ruta au la kompyuta ndilo limeishia 100, na zipo ruta za bei rahisi zilizotengenezwa hivyo.

Wi-Fi ndiyo inayokula kasi nyingi kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila ni finyu na yamejaa: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na jengo la ghorofa lenye ruta ishirini linazigombania hizo tatu. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi kwenye masafa hayohayo. Simu ya kizazi cha Wi-Fi 5 yenye antena mbili, ikiwa kwenye 2.4 na chaneli yenye upana wa megahezi 20, huandika kasi ya kiungo ya megabiti 144, lakini utakazopata hasa ni kama nusu yake, kwa kuwa hewani ni mmoja tu anayesema kwa wakati mmoja, wengine wote wanasubiri zamu. Simu hiyohiyo kwenye gigahezi 5, karibu na ruta, inaweza kupita 500. Vuka ukuta mmoja wa zege lenye nondo, inaporomoka.

Ndiyo maana nyumba mbili za ramani moja hutofautiana kwa sababu tu ya mahali ruta ilipowekwa. Watu huificha kabatini au nyuma ya televisheni kwa kuwa haipendezi machoni. Televisheni ni bamba la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia kina madini mgongoni, na tangi la samaki ni maji, ambayo hunyonya mawimbi hayo. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Kirudishia mawimbi, kile kisanduku kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena, nacho kisiwekwe pale ambapo hakuna mtandao, maana kitarudia udhaifu uleule. Kiweke katikati ya njia, ambapo bado kinasikia ruta vizuri. Hata hapo, kikitumia redio moja kupokea na kutuma, kasi hupungua kama nusu. Bora zaidi, vuta waya hadi chumba cha mbali uweke ruta ya pili huko. Ni kazi ya nusu siku, na haina mjadala.

Kosa jingine husahaulika kwa sababu liko upande wa kupandisha. Nyumba ina kamera mbili za ulinzi zinazotuma picha mchana kutwa, au simu inayohifadhi video mtandaoni, na kifurushi kinaruhusu megabiti 10 tu za kupandisha. Njia hiyo ikijaa, pakiti hupanga foleni ndefu ndani ya ruta, na muda wa kwenda na kurudi hupanda kutoka milisekunde 20 hadi mamia. Hata kushusha hukwama, maana kila unachoshusha kinahitaji risiti ndogo zirudi juu. Kama ruta yako inaruhusu kupanga foleni, iwekee ukomo wa asilimia 90 hivi ya kasi uliyopima kwa waya, juu na chini. Kasi inapungua kidogo kwenye karatasi, na nyumba nzima inapumua.

Tukitoka nje ya nyumba, kila aina ya njia ina ugonjwa wake. Waya wa shaba wa simu unaumwa na umbali. ADSL2+, teknolojia ya zamani ya intaneti kwenye waya huo, hufika megabiti 24 ukiwa karibu kabisa na mitambo ya kampuni, na kwenye kilomita 5 hubaki chache tu. VDSL2, iliyoifuata, ni kali zaidi mita mia chache za mwanzo, lakini ikipita kilomita moja hivi faida yake inayeyuka. Umbali huo huhesabiwa kwa kufuata waya, na waya wa jirani yako unaweza kuwa umepita njia nyingine kabisa. Fungua ukurasa wa modemu usome ukingo wa kelele (SNR margin), yaani akiba ya laini dhidi ya kelele: ukiwa chini sana ya desibeli 6, laini itakuwa inakatika. Kasi ikishuka kila mvua inyeshapo, kuna maungio yaliyoingia maji, na hilo ni la kampuni. Lakini waya wa zamani wa simu uliozungushwa vyumbani na kuachwa ukining’inia bila kitu ni wako: hurudisha mwangwi kwenye laini. Ukate.

Faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga, ni tofauti, na hapa wengi hukosea. Nyumba iliyo kilomita 1 na iliyo kilomita 15 hupata kasi sawa mradi mwanga unafika. Katika GPON, mfumo wa kugawia nyumba nyingi faiba moja, uzi mmoja hubeba gigabiti 2.488 kushuka na 1.244 kupanda, kisha splita, kifaa cha kugawa mwanga, huugawa kwa nyumba 32 au 64. Kila mgawanyo wa mara mbili hula desibeli 3 na ushei, kwa hiyo splita ya 32 peke yake hula kama 17. Kifaa cha nyumbani cha daraja la kawaida, B+, husikia mwanga hadi -27 dBm (kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo nguvu inavyopungua). Usomaji ukiwa kati ya -15 na -24 hauna tatizo. Ukigusa -27, intaneti haipungui polepole, inaanza kukatikakatika. Chanzo mara nyingi ni uchafu kwenye plagi, uzi uliokunjwa kwa pembe kali nyuma ya meza, au plagi ya kijani kusukumizwa kwenye tundu la buluu. Ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, ya buluu ni bapa. Zinaingiana, ila ncha zake hazigusani. Faiba yako ikiwa nzima na bado kasi imekwama kwenye namba ya kifurushi chako cha zamani, basi umelipia cha juu na hakuna aliyebadilisha mipangilio kwenye mtambo. Hapo piga simu.

Intaneti ya mnara, ya 4G au 5G, ni suala la dirisha. Nguvu ya mawimbi ya -80 dBm ni nzuri, -110 ni taabu, na kuhamisha kisanduku kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine kunaweza kubadilisha yote. Jirani anauona mnara, wewe umekingwa na ghorofa.

Sasa lawama. Kampuni huuza uwezo mkubwa kuliko ilionao, kwa hesabu kwamba si wote watakaotumia kwa pamoja. Hesabu hiyo ni halali hadi saa mbili usiku. Kipimo chako cha waya kikifika kasi kamili alfajiri na kuanguka kila usiku, huku milisekunde zikipanda, umeona msongamano, na hakuna ruta utakayonunua itakayoutibu. Neno “hadi” kwenye tangazo limetungwa kuuficha msongamano huo. Uingereza matangazo yaliruhusiwa kutaja kasi iliyofikiwa na asilimia 10 tu ya wateja. Tangu tarehe 23 Mei 2018 lazima iwe inapatikana kwa angalau nusu yao katika saa za pilikapilika, yaani saa mbili hadi saa nne usiku. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni 2015/2120, unataka mkataba wa intaneti ya nyumbani uandikwe kasi ya chini kabisa, ya kawaida na ya juu.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mnapopokea tangazo lenye neno “hadi”, muulizeni mwenye tangazo namba ya saa tatu usiku, mkaichapishe kando yake kwa herufi za ukubwa uleule.

Mafundi wa mitandao ya majumbani