Mwambie fundi asifungue hedi kwanza

Mwanangu,

Hujambo baba, huku Morogoro wazima, joto tu ndo linatutesa. Jana nilipokata simu usingizi haukuja, nikaona bora niandike maana pale barabarani ulikuwa unapiga kelele huku malori yanapita, nusu ya maneno sikusikia. Nilichoambulia ni kwamba gari imechemsha tena mlima Kitonga, mkaivuta mpaka Ilula, na fundi kasema hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imekufa anataka aifungue leo leo. Sasa kafikaje kwenye hedi wakati hata mfuniko wa rejeta hajaushika? Mwambie asubiri.

Hiyo Hilux naijua mimi kuliko hata baba yako. Ni ya 1996, injini 3L ya dizeli, nimebebea nyanya miaka 9. Na lile kovu la mkono wa kushoto ulilokuwa unaniuliza ukiwa mdogo nikakwambia ni mafuta ya maandazi, haikuwa maandazi bana, ni rejeta. Ilichemsha katikati ya Kitonga, nina matenga 20 nyuma na jua la saa 8, nikaona nyanya zinaniozea, nikashika mfuniko na kanga nikauzungusha. Maji yaliruka mpaka juu ya kioo. Ule mfuniko una springi inayoyabana maji, ndo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, sasa ukiufungua presha inatoka yanachemka yote kwa mpigo. Kwa hiyo subiri mpaka ile hosi ya juu uweze kuikamata na kiganja bila kuruka, hata kama ni saa nzima, kaa chini ya mti kula mhogo. Na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hapo ndo hedi nzima inapasuka kweli na fundi wako anakuwa mkweli.

Safari ile nililipa gasketi ya hedi, na kuichonga hedi, na oili mpya, na siku tatu za kulala gesti. Fundi akang'oa na themostati, kale kamlango ka maji kanakofunguka injini ikipata moto, akaitupa kwenye majani, eti mama hii ni ya nchi za baridi huku haina kazi. Nikaitikia tu, ningejuaje. Wiki iliyofuata nikachemsha palepale, kona ileile jamani.

Aliyeiponya ni mzee mmoja fundi rejeta wa Msamvu. Hakukimbilia kufungua kitu. Aliwasha gari ikapata moto, akazima, akawa anapapasa rejeta kwa kiganja polepole kama mtu anayempima mtoto homa, juu moto, pembeni moto, katikati mpaka chini baridi. Akaniita nami nikashika, kweli baridi kama mtungi. Akasema mama maji hayapiti hapa, umeijaza maji ya kisima miaka yote. Akaibandua tenki ya juu kwa moto, tulivyochungulia ndani vile vijitundu vimeziba chokaa na kutu, akapitisha waya bapa kimoja kimoja mpaka magharibi. Mbele nako, kati ya rejeta na ile ya AC, akatoa majani makavu na mbegu za nyasi nusu ndoo. Themostati akaniambia nikanunue nyingine, kwa sababu kwenye injini nyingi za Toyota ndo inayoziba ile njia ya mkato, ukiitoa maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, halafu gari ikiwa tambarare injini haipati moto wake inakula dizeli tu. Ukitaka kujua kama ni nzima itie kwenye sufuria ya maji jikoni, inatakiwa ifunguke kabla maji hayajatokota. Isipofunguka hiyo ndo ya kutupa.

Sasa we niambie, inachemsha wakati gani? Maana hapo ndo ugomvi wote ulipo. Kama inachemsha kwenye foleni ikikimbia inapoa, hiyo ni feni. Zima gari ikiwa bado na moto, mkono uwe mbali mpaka isimame kabisa, kisha isukume kwa kidole, ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama pangaboi basi klachi ya feni imekwisha, inatakiwa iwe nzito. Kama tambarare iko sawa ila mlima na mzigo ndo inapanda, mi nashuku rejeta tena, nawe ulivyo najua unajazia maji ya bomba tu, kulanti, ile dawa ya rejeta, huweki. Na huko juu kwenu maji yanachemka kabla hata ya 100, kwa hiyo mpira wa mfuniko ukichoka kidogo tu Morogoro hutaona kitu ila Kitonga itakuumbua. Chungulia na chini ya wota pampu, kuna katundu kadogo, kama kanadondosha au kana alama ya kutu pampu inakuaga.

Hedi tutaisema mwisho. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko, jaza maji, washa. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo hayakomi, au ukiurudisha mfuniko hosi inakuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili wakati maji bado baridi, au stiki ya oili inatoka na kitu kama chai ya maziwa, hapo mpe fundi haki yake. Mapovu mawili matatu yakiisha ni hewa tu, acha iungurume mfuniko wazi, pua ya gari iwe imeinuka, unaongeza maji kidogo kidogo.

Halafu kitu kingine, ulisema mshale ulipanda mpaka nyekundu kisha ukashuka wenyewe ukafurahi ukaendelea. Baba, ule haukupoa! Maji yalikuwa yameisha, sensa ikabaki inapima hewa. Siku nyingine mshale ukipita katikati fungua hita yote, vioo chini, gia ndogo, tafuta pa kusimama. Utatoka jasho ila itakufikisha pembeni.

Mfuniko mpya na themostati navituma na basi la saa 12 asubuhi kesho, muulize konda, vimefungwa kwenye gazeti pamoja na kashata. Kashata usimpe fundi. Stiki ya oili nipigie picha kabla hajagusa chochote.

Mama yako