YAH: MALALAMIKO KUHUSU TURNIKETI ILIYOVUNJIKA IKIWA KWENYE PAJA LA FUNDI WETU

Karakana ya Mageti na Madirisha,
Kizota, Dodoma.

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Vifaa vya Huduma ya Kwanza,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka huu tulinunua dukani kwenu turniketi, yaani mikanda ya kubana mguu au mkono ili kuzuia damu, kwa ajili ya masanduku ya huduma ya kwanza ya karakana yetu. Risiti ya EFD tunayo, na nakala yake nimeiambatanisha.

Mwezi uliopita jiwe la grenda lilipasuka fundi wetu akiwa anakata bomba la geti. Kipande kilimchana paja upande wa ndani, juu kidogo ya goti, na damu ikawa inaruka kwa mapigo. Kila aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza anajua maana yake: mshipa mkubwa umekatika, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla hata bajaji haijafika barabara ya lami. Tulifanya kama tulivyofundishwa. Mkanda ukapita juu ya jeraha, mbali na goti, ukavutwa mpaka ukashika, kisha tukaanza kuzungusha kijiti cha kukazia. Damu ilianza kupungua. Kabla haijakata, kijiti kikavunjika katikati, mkanda ukalegea wote, na damu ikarudi kwa nguvu ile ile.

Kilichomwokoa kijana yule ni kanga ya mama lishe wa jirani. Tuliikunja, tukaishindilia ndani ya jeraha, na mwenzake akaikandamiza kwa uzito wake wote mpaka hospitali. Yuko hai, anatembea kwa gongo, na bado hajarudi kazini.

Nilipowapigia simu, mhudumu wenu alinijibu kuwa "mlikaza kupita kiasi," akaahidi kututumia nyingine mpya. Ndugu Meneja, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Turniketi haina "kupita kiasi" cha namna hiyo. Inakazwa mpaka damu ikome na mapigo ya chini ya jeraha yasisikike tena, hata mgonjwa akilia kwa maumivu, na atalia kweli. Ikikazwa nusunusu ni hatari zaidi, kwa sababu inazuia damu inayorudi kwenye moyo huku ile inayotoka kwenye moyo ikiendelea kupita, na jeraha linazidi kuvuja. Jean-Louis Petit, mpasuaji wa Ufaransa, alionyesha turniketi yake ya skrubu mwaka 1718, na tangu hapo thamani yote ya kifaa hiki iko kwenye sehemu inayokaza. Kijiti kisichostahimili kukazwa kinaufanya mkanda mzima kuwa pambo.

Vipande vya kijiti hicho ninavyo mezani ninapoandika. Pale kilipovunjika, plastiki ni nyeupe, inapukutika ukiigusa kwa ukucha, na ndani ina vitundu vya hewa. Baada ya tukio tulichukua nyingine kutoka sanduku jipya, tukaifunga kwenye gogo la mbao lenye unene wa paja la mtu mzima, tukakaza. Kijiti kilipinda kama mshumaa uliokaa juani. Kishikizo cha kukizuia kisirudi nyuma nacho kikachomoka. Hata ile lebo ya kuandikia saa mkanda ulipofungwa haishiki wino wa kalamu, wakati daktari anahitaji saa hiyo, maana mguu uliofungwa zaidi ya saa mbili unaanza kuwa hatarini.

Nyingine mpya ya aina hiyo hiyo hatuitaki. Tunataka mturudishie fedha zetu zote na mchangie gharama za matibabu ya fundi. Tunataka pia mtuonyeshe jina la kiwanda kilichozitengeneza na cheti cha usajili kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa sababu kwenye pakiti hakuna jina la mtengenezaji wala namba ya toleo.

La haraka kuliko yote ni wateja wenu wengine. Muuzaji wenu alituambia kwa fahari kuwa mzigo huu umekwenda pia kwa wachimbaji wadogo wa Bahi na Mpwapwa, na kwa madereva wa malori ya njia ya Singida. Hao wakiumia wako mbali na hospitali kuliko sisi wa Kizota, na mikanda hiyo wanayo sasa hivi, wakiamini itawafaa. Mnazo risiti na namba zao za simu. Wapigieni leo, muwaambie wasiitegemee, na muiondoe iliyobaki kwenye rafu zenu.

Vipande nimevitunza kwenye mfuko uliofungwa, na nitavikabidhi TMDA pamoja na nakala ya barua hii. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku saba.

Wenu,

Msimamizi wa Usalama,
Karakana ya Mageti na Madirisha, Kizota.

Nakala:
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA)
Tume ya Ushindani (FCC)