Barua ya wazi kwa vijana wa Nasser Road

Wanangu na wajukuu zangu mnaobuni na kuchapa pale Nasser Road, Kampala,

Salamu kutoka Bombo.

Malalamiko yenu yamenifikia. Mteja anakuja na kadi ya harusi iliyokwisha kubuniwa na akili mnemba (AI) kwenye simu. Anachotaka kwenu ni karatasi na wino. Mwenye duka naye anajiuliza wabunifu wanne ni wa nini. Sitawadanganya kwamba mashine haili kazi za watu. Inakula. Waliopanga kwa mkono herufi za kuchapia za madini ya risasi walipokonywa kazi na kompyuta, tena bila kuitwa kikaoni.

Kinachoniudhi ni hii kauli yenu ya "tungoje serikali itunge sheria ya akili mnemba." Serikali haijakaa bure: mwaka 2019 Rais Museveni aliunda kikosi kazi cha Mapinduzi ya Nne ya Viwanda, yaani teknolojia mpya kama hiyo akili mnemba, kikiongozwa na Profesa Venansius Baryamureeba. Lakini ripoti ya kikosi kazi haimlipii mtu kodi ya chumba. Sheria za kuwasaidia leo zipo tayari, na huenda wengine mmezitolea nakala bila kuzisoma.

Someni Sheria ya Ajira ya 2006. Mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3, kwa sababu za kiuchumi au za kiteknolojia, lazima amwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Kama kuna chama cha wafanyakazi, kipewe taarifa angalau wiki 4 kabla.

Mnacheka, najua. Duka lenu lina watu watatu. Basi kifungu hicho kiacheni, shikeni cha notisi: aliyefanya kazi zaidi ya mwaka lakini hajafikisha mitano ana haki ya notisi ya mwezi mmoja, aliyetimiza miaka 10, miezi mitatu. Shida itakuwa ushahidi. Kutwa mnachapa mikataba ya watu wengine (na vyeti vile vya kughushi sivitaji), ilhali wenyewe hamna hata karatasi moja inayosema mmeajiriwa. Idaini. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Akigoma, nendeni kwa afisa wa kazi, na nendeni pamoja.

Waambieni pia ndugu zenu wa bodaboda wanaofungiwa akaunti na zile programu za simu za kuitia usafiri bila kuelezwa kosa: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamruhusu mtu kudai, kwa maandishi, kwamba uamuzi unaomwathiri sana usifanywe na mashine peke yake. Barua iandikwe, nakala iwekwe.

Kujifunza hizo programu mpya, jifunzeni, sina ugomvi. Ila mteja akileta picha ya simu isiyochapika, yenye jina la bibi harusi lililokosewa, mtozeni pesa ya marekebisho. Mnaifanya bure mno kazi hiyo.

Mzee wenu,
Bombo